Maji ndani ya moteri: yanasafisha kalamini, lakini yanaweza pia kuvunja

BUTEMBO, Kivu ya Kaskazini – Katika garaji za mji wa Butembo kuna neno linalosikika kila siku: kalamini. Ni ule uchafu mweusi na mgumu, kama masizi ya chini ya sufuria, unaojibandika juu ya pistoni na kwenye supape za moteri. Gari likikohoa kwenye mlima, pikipiki ikipoteza nguvu na watu wawili nyuma, jenereta ikigonga kama mtu anayepiga nyundo ndani yake, jibu la kwanza la mafundi wengi ni hilo: kuna kalamini.

Dawa inayotajwa zaidi ni maji. Si maji ya radiateri. Ni maji ambayo moteri inanyweshwa kwa njia ya hewa, ikiwa inazunguka, ili yaondoe ule uchafu bila kuifungua. Bei yake ni ndogo, na hapo ndipo inapopendwa. Kufungua moteri ni kazi ya siku nyingi na join mpya, na vipuri vingine havipatikani mjini mpaka viagizwe Uganda.

Jambo hili linagawa watu. Wengine wanaapa kwamba gari lao lilifufuka kwa nusu lita ya maji. Wengine wanaonyesha bieli iliyopinda na wanasema hawatarudia. Wote wawili wanasema kweli. Na kwa kuwa leo familia nyingi zilizokimbia vita zinakula kwa moteri moja tu, iwe ya pikipiki, ya teksi, au ya mashini ya kusaga, ni vizuri kujua maji yanafanya nini kabla ya kuyamimina.

Kalamini inatoka wapi

Esanse na mazuti vimejengwa kwa kaboni na hidrojeni. Vikipata hewa ya kutosha vinaungua karibu vyote na kutoka kama gesi na mvuke. Vikikosa hewa, sehemu ya kaboni haiungui, inabaki kama masizi. Kila mama anayepika kwa kuni mbichi anajua jambo hilo: moshi unakuwa mwingi, moto unakuwa mdogo, na sufuria inakuwa nyeusi. Ndani ya moteri ni vilevile, ila masizi yale yanachanganyika na oili na kupikwa kwa joto kali kila siku mpaka yanakuwa kama jiwe.

Butembo ina sababu zake. Ya kwanza ni mlima. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo msukumo wa hewa umepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, bandari ambako magari na mafuta mengi ya huku yanapitia. Gari la injeksheni linajua kujipima na kupunguza esanse. Lakini pikipiki na jenereta nyingi zina kaburetori, na kaburetori haijui kama iko pwani au mlimani: inaendelea kutoa esanse ileile kwa hewa iliyopungua. Esanse inazidi, hewa inapungukiwa, masizi yanazaliwa.

Ya pili ni mafuta yenyewe. Watu wengi wananunua kwa kadafi, wale wauzaji wa kando ya barabara wenye vidumu na chupa. Wengi wao ni watu wa kweli wanaotafuta maisha. Lakini esanse iliyochanganywa na petroli ya taa inapatikana, na petroli ya taa haiungui vizuri ndani ya moteri ya esanse. Inaacha masizi na kufanya moteri igonge.

Ya tatu ni kazi ya polepole. Gari linalosimama kwenye ralanti muda mrefu likingoja abiria halipati joto la kutosha kuunguza uchafu wake. Filta ya hewa iliyojaa vumbi inazidisha shida, na segma zilizochoka zinaacha oili ipande na kuungua pamoja na esanse.

Kalamini ikizidi, inafanya mabaya mawili. Inachukua nafasi juu ya pistoni, hivyo hewa inabanwa kuliko fundi aliyetengeneza moteri alivyopanga. Tena vipande vyake vinabaki vyekundu kama kaa la moto na kuwasha esanse kabla ya buji kutoa cheche. Hapo moteri inagonga na kupoteza nguvu, na siku moja pistoni inatoboka.

Maji yanasafisha namna gani

Mafundi wa zamani hawakujifunza jambo hili katika kitabu. Walifungua moteri ambazo join ya kichwa ilikuwa imepasuka, maji ya radiateri yakawa yanaingia kidogo kidogo katika silinda moja. Waliona pistoni tatu nyeusi kama makaa, na ya nne, ile iliyokuwa ikipata maji, inang'aa kama imesuguliwa kwa mchanga.

Sababu ni mvuke. Maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida yanapanuka karibu mara 1,700. Tone dogo likiangukia kalamini yenye joto linapasuka kuwa mvuke pale pale, linaingia katika nyufa ndogo za ule uchafu na kuubandua. Tena baridi ya ghafla inaufanya ujikunje kuliko chuma kilicho chini yake, unaachia. Vipande vinatoka kwa bomba la moshi.

Kutia maji katika moteri si jambo lililoanza jana. Mwisho wa karne ya 19, Donát Bánki, injinia wa Hungaria ambaye pamoja na János Csonka alitengeneza kaburetori, alijaribu kunyunyizia maji ili moteri ibane hewa zaidi bila kugonga. Katika Vita vya Pili vya Dunia ndege za kivita zilitumia maji yaliyochanganywa na alkoholi. Mojawapo ni P-47 Thunderbolt ya Marekani. Rubani akitaka nguvu za haraka, maji yalipoza silinda, na moteri ikavumilia msukumo mkubwa kwa dakika chache. Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani iliuza gari la Jetfire lenye tanki dogo la maji na alkoholi, lakini wenye magari wengi walisahau kulijaza. Baadaye BMW ilirudisha maji katika gari lake la kasi, M4 GTS.

Katika mifano yote hiyo maji hayakuwekwa kwa ajili ya usafi. Yaliwekwa kwa kupoza. Na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemimina kwa chupa. Walinyunyizia kwa kipimo, kama ukungu.

Vijiko vitatu

Hapa ndipo ajali zinapozaliwa. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda na kukuta maji yamejaza nafasi iliyobaki juu yake, haina pa kwenda. Kitu kimoja lazima kivunjike, na mara nyingi ni bieli.

Nafasi hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Chukua gari dogo la esanse la lita 1.5, silinda nne. Kila silinda ina sentimita za ujazo 375. Kama moteri inabana mara 10, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni sentimita za ujazo karibu 42. Ni vijiko vitatu vya kulia chakula. Pikipiki ya sentimita 100 inayobana mara 9 ina nafasi ya 12.5 tu: hata kijiko kimoja hakijai. Moteri ya mazuti ya lita 2, silinda nne, inayobana mara 20, inabakiwa na 26 hivi kwa kila silinda, yaani chini ya vijiko viwili.

Sasa linganisha na kazi iliyofanywa vizuri. Nusu lita ikinyweshwa kwa dakika 10, moteri ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inapumua mara 4,000 kila dakika. Kila pumzi inapata kama robo ya tone. Maji ni yaleyale nusu lita. Robo ya tone inasafisha, vijiko vitatu kwa mara moja vinaua.

Mashini iliyonyamaza

Katika mtaa mmoja pembeni ya mji, ambako familia zilizokimbia Kanyabayonga na vijiji vya kusini mwa Lubero mwaka 2024 zilipokelewa na wenyeji, kulikuwa na mashini ya kusaga ya mazuti. Mwenye nayo alisaga mahindi na mihogo ya wenyeji na ya wakimbizi, na alikubali kulipwa unga kwa wale wasiokuwa na faranga. Kijana aliyeiendesha, naye mkimbizi, aliona moshi mweusi unazidi na nguvu zinapungua. Alikuwa amesikia habari ya maji. Alitaka kumwokolea mwenye mashini pesa ya fundi.

Alitoa filta ya hewa, akaacha moteri kwenye ralanti, akainamisha chupa. Walioshuhudia wanasema kulitoka mlio mmoja tu, kama jiwe juu ya bati, na mashini ikanyamaza.

Bieli ilipinda. Vipuri vilichukua majuma. Kwa muda wote huo akina mama walibeba mahindi kichwani mpaka mashini nyingine, mwendo wa karibu saa moja kwenda na tena saa moja kurudi, na huko walilipa kwa faranga, kwa sababu mwenye nayo hakuwajua. Wengine walirudia kutwanga kwa kinu. Mwenye mashini hakumfukuza kijana. Alimwambia tu: "Mwanangu, ungeniuliza."

Kosa halikuwa nia yake. Moteri ya mazuti haina ule mlango wa hewa wa gari la esanse unaosaidia kuvuta maji kidogo kidogo kwa mpira mwembamba. Inavuta hewa yote wazi, inabana sana, na haina nafasi. Zaidi ya hayo, moshi mweusi wa mazuti mara nyingi hausababishwi na kalamini juu ya pistoni. Unatoka kwa injekteri isiyonyunyiza vizuri, au filta ya hewa iliyoziba. Maji yasingetibu hata kama yangeingia kwa kipimo.

Fundi aliyekataa kuanza na maji

Dereva mmoja wa teksi, baba wa watoto watano, aliyekimbia na gari lake la esanse likiwa limejaa magodoro na majirani, alilileta garajini kwa shida ileile: halipandi mlima, linagonga, linakula esanse. Gari hilo ndilo linalolipa kodi ya nyumba ambamo wamo familia mbili, yake na ya dada yake.

"Fundi, unitilie maji, nirudi kazini leo," alisema.

"Papa, kwanza tutoe buji," fundi alijibu. "Buji zitatuambia."

Alizipanga nne juu ya kitambaa. Tatu zilikuwa na masizi makavu meusi. Ya nne ilikuwa imelowa oili. Kisha alipima msukumo wa kila silinda. Tatu zilikuwa karibu sawa, ya nne ilikuwa chini. Alitia kijiko kidogo cha oili kwa tundu la buji ya silinda hiyo, akapima tena, msukumo ukapanda. Ni kipimo cha zamani: oili ikiziba kwa muda na msukumo ukapanda, basi segma zimechoka.

Akamweleza dereva bila kuficha. Maji yangeweza kusafisha silinda tatu na kupunguza kugonga. Ile ya nne ingekuwa safi kwa muda mfupi, halafu oili ingeijaza kalamini upya. Mwenye gari alikuwa na njia tatu: kutia maji na kujua kwamba ni ya muda, kufungua moteri sasa na kukosa kazi majuma mawili, au kusafisha, kufanya kazi kwa uangalifu, na kuweka pesa kidogo kidogo kwa ajili ya segma.

Alichagua ya tatu. Kazi ilichukua asubuhi moja. Moshi uliotoka mwanzoni ulikuwa mzito, fundi akawaondoa watoto waliokuja kutazama. Baadaye gari liliacha kugonga, likapanda mlima kwa gia ambayo lilikuwa limeisahau. Buji ya nne bado inalowa. Dereva anaitazama kila Jumamosi, na kila Jumamosi anamwachia fundi kitu kidogo kwa hesabu ya segma, kilichoandikwa katika daftari na kutiwa sahihi na wote wawili.

Kwa mwenye gari la esanse

Mafundi wanaoifanya kazi hii kwa uangalifu wanafuata mpango unaofanana.

Wanaanza kwa kutafuta chanzo: filta ya hewa, buji, kaburetori au injeksheni, msukumo wa silinda, oili inayopungua. Kama maji ya radiateri yanapungua bila kuonekana yanakokwenda, hawatii maji mengine. Wanatafuta join kwanza.

Moteri inapaswa kuwa moto kabisa, kama baada ya safari ya nusu saa. Maji yanakuwa safi, ya mvua iliyochujwa au yaliyotengenezwa kwa betri, kwa sababu maji ya chokaa na chumvi yanaacha uchafu mwingine. Gari linakuwa nje, mahali penye upepo, kamwe si ndani ya nyumba iliyofungwa, maana ndani ya moshi wa moteri kuna gesi inayoua bila harufu ya kuonya.

Maji hayamiminwi. Yanavutwa kwa mpira mwembamba sana unaoingia nyuma ya mlango wa hewa, au yananyunyizwa kama ukungu kwa chupa ya kupulizia. Mtu mmoja anashika esanse, moteri izunguke kama mara 2,000 kwa dakika. Mwingine anatoa maji kidogo, anasikiliza, anaacha, anarudia. Moteri ikianza kuzama, maji yanakatwa mara moja, na esanse haiachiliwi. Kama imezima, haiwashwi tena kwa haraka: buji zote zinatolewa, moteri inazungushwa ili maji yaliyobaki yatoke kwa matundu, ndipo buji zinarudishwa.

Maji yakimalizika, gari halizimwi. Linatembezwa dakika 20 au zaidi, likaushe kila kitu. Kisha vidanje inafanywa, kwa sababu maji kidogo na masizi vinapita kando ya segma na kuingia katika oili. Anayeacha vidanje kwa kuogopa bei ya oili anahifadhi pesa ndogo na kuharibu kubwa.

Gari lenye katalizeri katika bomba la moshi linahitaji uangalifu zaidi, maana vipande vya kalamini vinaweza kuiziba. Na hakuna sababu yoyote ya kutia maji ndani ya tanki la esanse. Huko yanalala chini, yanatia kutu, na kuzimisha gari.

Kwa mwenye pikipiki, jenereta au mashini

Kwa hao, maji si dawa ya kujaribu. Nafasi ni ndogo mno, na moteri ndogo inafunguliwa kwa urahisi. Kichwa cha moteri ya pikipiki au cha jenereta ndogo kinatolewa kwa vifunguo vichache, na kalamini inakwanguliwa kwa kijiti au plastiki ngumu, si kwa bisibisi inayochuna pistoni. Join mpya ya jenereta ina bei ndogo kuliko bieli.

Bora zaidi ni kuzuia. Filta ya hewa ipigwe vumbi kila juma wakati wa kiangazi. Kaburetori irekebishwe na fundi anayejua hali ya mlimani, au iwekewe tundu dogo zaidi la esanse. Buji itolewe mara moja kwa mwezi na kutazamwa. Ikiwa ya rangi ya udongo mkavu, moteri iko vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu, esanse imezidi au hewa imepungua. Ikiwa imelowa oili, segma au supape zinaomba msaada. Esanse inunuliwe kwa mtu anayejulikana, na anayenunua kwa kadafi amwage kidogo juu ya karatasi nyeupe: esanse safi inakauka upesi, iliyochanganywa na petroli ya taa inaacha alama ya mafuta.

Jenereta inayochaji simu za watu 30 katika kambi haihitaji kusimama kwenye mzigo mdogo kutwa nzima. Wakusanye simu, waichaji kwa saa chache ikiwa na mzigo mzuri, kisha wapumzishe. Moteri inayofanya kazi ya kweli inaunguza sehemu ya uchafu wake yenyewe.

Ile mashini ya kusaga imeanza kazi tena. Injekteri yake ilipimwa na kubadilishwa, filta ya hewa ikawekwa mpya, na moshi mweusi ukapungua bila tone la maji. Kijana bado ndiye anayeiendesha. Jioni, akimaliza kusaga, anapita garajini kusafisha buji na kufunga bolti bila mshahara, na fundi ameanza kumwonyesha namna ya kupima msukumo.